Misalaba ya Mataruma

Jumatatu, 3 Machi 2014

Zéphyrin anasema nikiendelea kugombana na mvua hivi nitapata ugonjwa wa moyo. Basi kuanzia leo nitagombana nayo humu, kwa kalamu, na mchana nitakuwa mtu mpole. Tuone.

Mimi ni Nakhisa, mpimaji wa majengo na maeneo ya kale, mzaliwa wa Chwele, Bungoma, na mkazi wa Kampala tangu nilipomaliza chuo. Shirika la kuhifadhi maeneo ya kale limenipa kazi hadi mwisho wa Mei: kutafuta, kupima na kuandikisha chochote kilichoachwa na wafanyakazi wa zamani wa reli upande wa Namuwongo. Zéphyrin, Mkongomani wa Butembo, ndiye anayechora na kupiga picha. Bosi wetu ni Amito, ambaye ana ofisi kavu na birika la umeme, na hutuuliza kwa simu kama mvua inanyesha.

Jumanne, 4 Machi

Tangi moja la maji la chuma. Limegeuzwa banda la kuku. Kuku hawakupenda kupimwa.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimepata kitu, na kama mwandiko ni mbaya ni kwa sababu ya furaha.

Mwenyekiti wa mtaa, Ssekitoleko, ambaye kila mtu humwita Chairman, alivaa gambuti zake za njano akatupeleka mwenyewe nyuma ya soko, pale ardhi inapoteremka kutoka kwenye reli hadi mtaro mkubwa. "Hapa iko makabuli ya watu wa leli," alisema. "Sisi hapana gusa. Lakini huyu mutu ya kujenga, kila mwaka ukuta yake natembea kidogo." Ni kweli. Ukuta wa matofali wa jirani umeshakaribia safu ya makaburi, na ukiachwa hivyo, miaka miwili haiishi utakuwa umeyapanda.

Misalaba saba ya chuma, safu moja. Yote imetengenezwa kwa mataruma, vile vyuma vinavyolala chini ya reli, yakakatwa na kuunganishwa kwa ribiti. Inanifika kifuani. Majina yalipakwa kwa rangi na rangi imekwisha. Nimewahi kuandikisha makanisa, misikiti na nyumba za wakubwa, na sikumbuki kupenda kitu haraka namna hii. Wenzao waliobaki walikuwa na mataruma na nyundo, basi wakawatengenezea kwa walichokuwa nacho.

Mbele ya msalaba wa mwisho, upande wa mtaro, udongo umefagiliwa safi. Hatua chache kutoka hapo, kando ya njia, mama mmoja anauza mukene, yaani dagaa, na samaki wa kukausha. Alitutazama tangu tulipofika hadi tulipoondoka. Nilipomwamkia alijibu kwa sauti ya mtu anayedaiwa.

Ijumaa, 7 Machi

Tumepiga vigingi, kimoja kwa kila msalaba, na kuvuta kamba. Jumatatu tunaanza kuchora.

Jumatatu, 10 Machi

Vigingi vyote vimeng'olewa. Vimepangwa kando vizuri, kama kuni za mtu mwenye adabu. Nimepiga upya.

Jumanne, 11 Machi

Vimeng'olewa tena. Mvua. Nimepiga upya.

Jumatano, 12 Machi

Vimeng'olewa. Upole umenishinda. Nilikwenda hadi kwa mwenye ukuta nikamfokea msimamizi wake, kijana wa watu, ambaye hakujua hata kigingi ni nini. Nikamfokea mwenye mbuzi. Nikaelekea kumfokea Chairman, Zéphyrin akanishika mkono.

"Maman Nakhisa, mwizi anabebaka vitu. Huyu haibe kitu. Anapanga muzuri, moja-moja. Huyu iko mutu wa heshima."

"Mtu wa heshima hawezi kuniuliza?"

"Pengine anakuogopa. Mimi pia nakuogopaka."

Nilicheka, lakini vigingi nilipiga mwenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Mchana nimekula kwa yule mama wa samaki. Anaitwa Akoth, Mjaluo wa Alego. Kwa heshima namwita Mama Okinyi kwa jina la mwanawe, naye ameanza kuniita nyara, yaani binti yangu, ingawa bado ananitazama kwa pembe ya jicho. Alinitania kwamba sisi Wabukusu tukikosa kuku hatujui tuko wapi. Samaki wake ni mzuri ajabu, ana chumvi ya kutosha na pilipili ya kukutoa machozi.

"Sasa mkishaandika hii misalaba," aliuliza akiosha sahani, "inakuwa nini?"

Nikajibu kwa fahari, nikijua nampa habari njema. Nikamwambia makaburi yakishaandikishwa ujenzi wa ukuta utakoma, hakuna mtu atakayeruhusiwa kuchimba hapo bila kibali cha wizara, na kibali chenyewe hakipatikani. "Watalala salama milele," nilisema.

Aliosha sahani ile ile mara mbili. Nilidhani ameguswa.

Jumatatu, 17 Machi

Vigingi. Sina haja ya kueleza.

Halafu nimetumbukia kwenye shimo la njiani, lililo kati ya msalaba wa mwisho na meza ya Mama Okinyi. Gambuti ilijaa hadi juu. Aliniletea kitambaa akasema shimo hilo halishibi: kila masika analijaza kwa changarawe na vipande vya matofali, hata maji ya kuoshea samaki anamwaga hapo, na masika yanayofuata limeshuka tena.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemjua.

Mvua ilianza alfajiri na nikaogopea karatasi tulizoziacha chini ya turubai, kwa hiyo niliwahi kabla soko halijafunguliwa. Mama Okinyi alikuwa amepiga magoti kwenye matope, anang'oa kigingi cha saba kwa mikono yote miwili. Kilipotoka alikipangusa kwa kitenge chake akakiweka na wenzake. Aliponiona hakushtuka.

"Sijaiba," alisema. "Hesabu."

"Naona hujaiba. Naona unanitesa tu."

"Kaa, nyara."

Hapakuwa na pa kukaa. Tulisimama chini ya turubai la meza yake na akanieleza, macho yake kwenye msalaba wa mwisho.

"Ule ni bwana yangu. Obonyo, fita wa reli. Alikufa Januari ya themanini na sita, homa tu, ile wiki jeshi ilikuwa inaingia mjini. Risasi kila mahali. Hakuna gari ya kwenda Busia, hata ungetoa nini. Wenzake wakachukua mataruma, wakafanya msalaba, wakamzika siku hiyo hiyo. Okinyi nilikuwa nimembeba mgongoni. Nikasema nitakaa na yeye mwaka moja, njia ikifunguka nampeleka. Nikasema tena mwaka moja."

Okinyi sasa ni seremala Kisumu. Ana mke na watoto, na anataka kujenga boma lake Alego. Wazee wamemkatalia. Mtoto wa kiume hutolewa kwenye boma la baba yake na baba mwenyewe au ndugu zake, na ndugu wanasema hawawezi kumtoa wakati baba amelala nje, kwa watu. Baba arudi kwanza. Okinyi amejiandaa, atakuja Mei kumchukua.

"Halafu wewe unakuja na miti yako," Mama Okinyi alisema. "Unaniambia hakuna mtu atachimba hapa mpaka mwisho ya dunia. Nifanye nini? Nikuombe? Wewe ni serikali."

"Mimi si serikali."

"Uko na karatasi, uko na kamera. Ni nini tena?"

Niseme ukweli: kwanza nilikasirika. Wiki mbili za vigingi, na lile eneo ndilo bora kuliko yote niliyopata mwaka huu, saba kamili. Kisha hasira ikaisha, nikaona aibu. Mimi ni Mbukusu. Kwetu tulimfuata baba mdogo hadi Nakuru alikofia, na mama yangu hakula vizuri mpaka alipozikwa nyumbani. Hakuna mtu aliyehitaji kunifafanulia alichokuwa anasema yule mama, na bado nilikuwa nimemwambia "milele" nikitabasamu, mdomo umejaa samaki wake.

Ijumaa, 21 Machi

Nimempelekea Amito habari zote. Alisikiliza akizungusha kijiko kwenye kikombe kitupu.

"Saba kamili, Nakhisa. Mji mzima hauna safu nyingine kama hiyo."

"Najua."

"Tukipeleka sita na shimo, watu wa wizara watauliza."

"Waulize. Tutawajibu."

Akaweka kijiko mezani. Amito ni wa Gulu, na mambo ya vita vya kule hayazungumzii ofisini. Leo alisema, "Kwetu tuko na wengi sana ambao hatujui walilala wapi. Huyu mmoja anajulikana. Mwache aende." Akaniwekea masharti: familia ipate vibali vyote, imtoe marehemu kabla ya sisi kukabidhi kazi tarehe thelathini Mei, na kabla udongo haujaguswa nipime kila kitu upya. "Kila kitu," alisema mara mbili. Nilitamani kumkumbatia, lakini Amito si mtu wa kukumbatiwa.

Jumatatu, 24 Machi

Vigingi viko. Mama Okinyi anavilinda. Amemfukuza mbuzi mmoja hadi kwenye reli.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua, chai, mvua. Zéphyrin amenichora nikilala na mdomo wazi. Nimechana mchoro. Amechora mwingine.

Jumatano, 2 Aprili

Naandika polepole ili nisikosee.

Mvua ya leo ilikuwa ya kupasua mabati. Mama Okinyi alikuwa Kikuubo kununua chumvi kwa jumla, nasi tulijibanza kwenye meza yake hadi ilipokatika. Jua likatoka ghafla. Maji yalikuwa yamesimama kati ya misalaba, na jua lilipoyapiga niliona yana umbo. Yalisimama kwa vipande virefu, kila kimoja kinatosha mtu kulala.

Kaburi la zamani huzama. Sanduku likioza udongo hushuka, na mvua hujaza pale palipobonyea. Kila mpimaji anajua hilo. Lakini mimi nilipochora safu hii, niliweka mstatili mbele ya kila msalaba kwa mazoea tu, maana palipo na msalaba pana kaburi. Sikuwa nimepima kaburi hata moja. Nilikuwa nimepima misalaba.

Mbele ya msalaba wa kwanza, upande wa ukuta, hapakuwa na tone. Ardhi ngumu, imeinuka. Kuanzia wa pili hadi wa saba, maji. Na ukipita msalaba wa saba kuelekea mtaro, njiani, lilikuwepo lile shimo lisiloshiba, nalo limejaa. Zéphyrin alishika ncha ya utepe bila kuambiwa. Kutoka dimbwi la mwisho hadi shimo ni nafasi ile ile iliyo kati ya madimbwi mengine.

"Saba," alisema. "Makaburi iko saba. Misalaba iko saba. Lakini haiko pamoja."

Nilimfuata Chairman nyumbani kwake nikamuuliza kama misalaba imewahi kuguswa. Akasema ndiyo, bila wasiwasi wowote. Mwaka wa ile El Niño, mtaro ulifurika, misalaba yote ikalala na matope yakafunika kila kitu. Wanaume wa soko waliisimamisha tena, wakianzia upande wa juu. "Tulisimamisha vizuli sana. Tulipima kwa hatua." Mama Akoth alikuwa wapi? "Alikuwa amekwenda kwao kuzika mama yake. Alirudi akakuta kazi imekwisha. Alitupatia soda."

Kwa hiyo walianza nafasi moja juu mno, na msalaba wa mwisho umesimama juu ya kaburi la sita. Obonyo yuko njiani, chini ya changarawe.

Alhamisi, 3 Aprili

Sikwenda Namuwongo. Nimesema naumwa tumbo.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemwambia. Zéphyrin alitaka tungoje Okinyi afike, lakini nilijua kila siku nitakayongoja ataamka kumfagilia mtu mwingine, na mimi nikitazama.

Nilimweleza kwa maji na kwa kamba, nikamtembeza kutoka dimbwi hadi dimbwi. Hakunikatiza. Tulipofika msalaba wa mwisho aliuliza, "Na huyu mwenye nimefagia hapa ni nani?"

"Wewe ndiye unayejua. Nani alizikwa kabla ya Obonyo?"

Akafikiri. "Mutua," alisema. "Fundi wa injini. Mkamba." Kisha mabega yake yakaanza kutikisika na sikujua kama ni kilio. Kilikuwa kicheko. "Mutua! Alikuwa anasema samaki inanuka, ananyima Obonyo kiti kwa kantini. Miaka hii yote nafagia Mkamba. Hakuwa na mtu hapa. Alikufa peke yake, haki. Basi amepata mtu wa kumfagilia."

Halafu aligeuka akaliona shimo, na kicheko kikakatika.

"Na Obonyo nimemwagia maji ya samaki."

Alikaa chini pale pale kwenye tope. Nilikaa naye. Nilimshika, na yeye akalia kama mtu aliyefiwa jana, na mimi nikalia, na wateja wawili waliokuja kununua mukene wakasimama tu na mifuko yao. Mwishowe alijifuta kwa kitenge.

"Lakini samaki alipenda," alisema.

Baada ya hapo akanikazia macho. "Nyara, kama umekosea? Okinyi akinipelekea Mkamba Alego, akazikwa kwa boma ya watu?"

Nilimwambia nina uhakika. Kisha nikamwambia kwamba nilikuwa na uhakika vile vile nilipochora ule mchoro wa kwanza, kwa hiyo asiniamini mimi. Tunahitaji kitu kingine.

Alivuta mdomo wa chini kwa kidole akanionyesha meno yake, yote yapo. "Sisi tulizaliwa nyuma tuliachiwa. Obonyo alizaliwa thelathini na sita. Alitolewa meno sita ya chini akiwa kijana, kama Mjaluo. Mkamba hatolewi. Mkamba anachongwa ya juu." Akaachia mdomo. "Tutajua."

Jumanne, 8 Aprili

Ofisi ya afya. Njoo kesho.

Jumatano, 9 Aprili

Njoo Ijumaa. Mama Okinyi amempelekea karani samaki watatu. Nilimkataza. Karani amemuuliza kama anao wakubwa zaidi.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Tumekula kwa Zéphyrin. Mkewe Hortense alipika sombe, yaani kisamvu, na ugali wa muhogo, Mama Okinyi alileta sangara mzima, na mimi nilileta kuku ili watu wasikose cha kunitania. Binti yao Princesse alicheza hadi viatu vikakatika. Mama Okinyi na Hortense walibishana namna ya kupika samaki kwa Kiswahili ambacho kila mmoja alisema mwenzake hakijui. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, tumbo limejaa, nikawaza kwamba nimefanya kazi hii miaka mingi nikijua majina ya nyumba zaidi kuliko majina ya watu. Si vibaya kubadilika kidogo. Nimefurahi leo.

Jumatatu, 28 Aprili

Kibali kimetoka. Mihuri minne. Mama Okinyi hajui kusoma lakini ameitazama mmoja mmoja.

Jumanne, 6 Mei

Okinyi amefika na gari ya kuazima, pikapu ya viti vya mbele na nyuma. Ni mrefu, mkimya, na ana mikono mikubwa ya kazi. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na sanduku dogo la mvule alilolitengeneza mwenyewe, maungio yake hayana msumari hata mmoja. Nililipapasa na kumwambia ni kazi safi. Akasema, "Nilianza wakati nilikuwa mwanagenzi. Kila mwaka nabadilisha kitu."

Jumatano, 7 Mei

Asubuhi hapakunyesha. Chairman alifunga njia kwa viti vyake mwenyewe na kuwaambia waendesha boda wapite juu. Alikuja afisa wa afya, mchungaji, na nusu ya soko.

Juu tulikuta changarawe ya mwaka jana, bado nyeupe. Chini yake matofali yaliyovunjika, kisha changarawe tena, kisha kipande cha beseni la bati ambalo Mama Okinyi alilitambua. Masika yote aliyojaza lile shimo yalikuwa yamepangana humo. Zéphyrin alichora kila tabaka. Nilipima kila kitu mara mbili.

Udongo ulipogeuka kuwa mweusi, Okinyi aliwaomba wachimbaji watoke akaingia mwenyewe. Alifanya kazi kwa mwiko mdogo na kwa vidole. Redio ya kinyozi ilizimwa. Baada ya muda alisema, "Mama," akainua taya la chini kwa mikono yote miwili, kama unavyomwinulia mtu bakuli.

Mbele palikuwa wazi. Meno ya pembeni yalikuwepo, ya mbele hayakuwepo, na mfupa ulikuwa umeziba na kulainika tangu ujana wake.

Mama Okinyi alisema neno kwa Kijaluo. Halafu kwa ajili yetu akasema, "Ni yeye." Hakulia. Alipiga magoti ukingoni akaweka kiganja kwenye udongo, akakiacha hapo.

Okinyi alikuwa bado ndani ya kaburi, ameshika taya la baba ambaye sura yake hakuikumbuka. "Baba," alisema, "mimi ni Okinyi. Nilikuwa mgongoni."

Nimeandika kina, urefu, upana, na upande kichwa kilipolala. Tone moja limeanguka juu ya tarakimu ya kina, nimeizungushia duara na kuiandika tena. Zéphyrin alipiga picha za shimo tu. Mengine alisema si yetu.

Alhamisi, 8 Mei

Amito amekuja Namuwongo kwa miguu yake mwenyewe, na viatu vya ofisini. Ameamua misalaba ibaki ilivyosimama, tuandike ilihamishwa lini na ni nani waliyoihamisha, na kwamba kaburi la saba limefunguliwa na mwana wa aliyezikwa humo. Kosa la mwaka wa mafuriko nalo sasa ni historia, anasema. Kwa mara ya kwanza masika haya sina la kubishana naye. Mwenye ukuta ameshapelekewa barua asimamishe ujenzi. Kabla hajaondoka, Amito alisimama peke yake mbele ya lile shimo kwa muda, kisha akaomba samaki.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika haya Busia, kwenye hoteli ya chai, nikingoja basi la kurudi Kampala.

Mama Okinyi aliniomba niwasindikize hadi mpakani. Nilidhani ni heshima tu, kumbe alikuwa na kazi ya kunipa. Okinyi aliendesha. Mimi na mama tulikaa nyuma, sanduku katikati yetu limefunikwa kwa shuka jipya. Mvua ilianza hata kabla hatujatoka mjini na vioo vikafunikwa na ukungu. Macho yake si mazuri tena.

"Hapa ni wapi?" aliniuliza.

"Mukono."

Aliinamia sanduku. "Obonyo, hii ni Mukono. Tunapita. Usibaki."

Nikaelewa. Kwetu pia ukimsafirisha mtu unamwambia njia, asije akachukua mahali pa watu akidhani amefika. Na nani wa kuitaja njia kama si mpimaji? Nilipangusa kioo kwa mkono wa sweta na nikaanza kazi. Lugazi. "Obonyo, Lugazi, ile ya miwa. Unaikumbuka." Mabira. "Huu ni msitu tu, usiangalie." Kwenye daraja la Jinja alimwambia Okinyi apunguze mwendo, akasema, "Obonyo, ni mto. Ni ule mkubwa. Tunavuka pamoja, shika," na akalishika sanduku yeye. Iganga alimwambia kwamba ana wajukuu watatu na wa kwanza ana jina lake. Bugiri tulisimama kununua mafuta, na akamweleza kwa urefu kwa nini tumesimama.

Sijawahi kutaja majina ya mahali kwa uangalifu namna hii. Nilitaja hata vituo visivyo na maana, kijiji chenye kisima kimoja, njia panda yenye kibao kilichoanguka. Okinyi alikuwa akinisaidia kutoka mbele. Ilifika mahali sote watatu tulikuwa tunamwongelesha, na nilikuwa na furaha ambayo sikuitarajia kwenye gari lenye mifupa.

Mpakani mvua ilikuwa imepungua. Afisa kijana aliingiza kichwa dirishani.

"Mko wangapi?"

"Wanne," alisema Mama Okinyi.

Afisa aliangalia mbele, akaangalia nyuma. Okinyi akampa kibali chenye mihuri. Alikisoma chote, akavua kofia, akasema, "Mungu awafikishe, mama," na akafungua.

Mimi nilishuka hapo, maana Jumatatu nina kazi. Nilisimama kando ya dirisha. Mama Okinyi alinishika mkono kwa nguvu, kisha akauachia akageukia sanduku.

"Obonyo," alisema, "Nakhisa anashukia hapa. Sisi tunaendelea."